Ruhusa ya Kukosea

Pointe-aux-Loutres,
Manitoba,
Kanada.
10 Machi 2019.

Mpendwa Dada Clarisse,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa bibi yetu, Kokum, ambako theluji imefika usawa wa dirisha na bado inaanguka kana kwamba haina habari kuwa tumeingia Machi. U hali gani huko pwani ya mashariki? Kile kikohozi ulichokitaja kwenye kadi ya Krismasi kimekwisha? Na wale ng'ombe mnaojifunzia udaktari wa mifugo, bado wanakupiga mateke? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala vizuri. Hapa kwetu kulala vizuri kumekuwa anasa.

Sisi ni wazima kwa kiasi chetu. Magoti ya Kokum yanamsumbua, na jicho lake la kushoto linaona ukungu, ingawa anasema ukungu uko kwenye miwani. Baba anakwenda ziwani kila siku kutega nyavu chini ya barafu na kurudi na ndevu zilizoganda. Mimi nimechoka. Nikisema hivyo Baba huniuliza nimebeba mzigo gani, kwa hiyo nasema kwako tu.

Sijawahi kukuandikia barua ndefu. Tumeonana mara chache, na mara ya mwisho ilikuwa kiangazi kile ulipoketi nyuma ya nyumba ukasoma vitabu vyangu na mimi nikasoma vyako, tukashinda mchana mzima bila kusemezana. Tangu siku hiyo nimekuhesabu kuwa rafiki. Kwa hiyo usishangae nikikuandikia mambo ambayo hata wenye umri wangu shuleni sijawaambia.

Nakuandikia kuhusu mama yako. Yuko hapa.

Najua magazeti yanasemaje. Moja limeandika kwamba Odile Delaronde yuko Uswisi anatibiwa, jingine kwamba amefilisika, na la tatu kwamba amejificha kisiwani na mchumba. Ukweli ni kwamba amelala chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, na mimi nalala kwenye kochi karibu na jiko. Alifika mwanzoni mwa Februari bila kupiga simu, kwa gari la kukodi, na begi dogo. Kokum alifungua mlango, akamtazama, akasema, "Funga mlango, unapoteza moto." Basi. Hayo ndiyo mapokezi aliyopewa mbunifu wa mavazi mkubwa kuliko wote katika nchi hii.

Shangazi alilala siku hiyo na siku iliyofuata. Akiamka alikuwa anakula mkate wa galeti kidogo na chai, halafu analala tena. Nilimwona mara moja ameketi kitandani, ameshika soksi moja, anaitazama. Nilipopita tena baada ya kufanya hesabu zangu za shule, alikuwa bado ameishika.

Sina haja ya kukueleza alivyo maarufu. Lakini nadhani wewe, kwanza Toronto kwenye shule za bweni, halafu huko baharini, umeuona umaarufu wake kwa picha kama watu wengine. Sisi tunaukuta mlangoni. Kiangazi watu wanakuja na magari kutoka Winnipeg kuulizia nyumba aliyozaliwa. Mwanamke mmoja alimwomba Kokum aweke mikono mezani ampige picha mikono peke yake. Kokum akamwuliza, "Na uso una kosa gani?" Dukani kwa Ducharme wamebandika picha ya Shangazi juu ya jokofu la chambo. Shuleni kila mwalimu mpya akifika kwenye jina langu katika orodha husimama na kuuliza, "Delaronde? Yule Delaronde?" Nami nasema ndiyo, na darasa zima linageuka kutazama nguo zangu, ambazo ni suruali za Baba zilizopunguzwa.

Yote yalianza na koti jeusi, na hilo ndilo koti ninalotaka kukuzungumzia. Unalijua: liko Toronto kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kioo, limemulikwa kama sanamu ya kanisani. Babu alipofariki, Shangazi alikuwa anamaliza shule. Akachukua koti la Babu la kwendea misa, la sufu nyeusi, akalikata upya limkae yeye. Kokum akalipamba kwa mawaridi ya shanga, mabegani, mikononi, kifuani na mgongoni. Shangazi akalivaa siku ya mahafali, akalivaa Winnipeg alipokwenda kujifunza ushonaji, akaonwa nalo barabarani na mtu wa onyesho la mavazi, na kuanzia hapo ni kama gari lililoteremka mlima bila breki. Waimbaji wakavaa makoti yake jukwaani. Wake wa mawaziri wakavaa. New York wakamwita, Paris wakamwita.

Katika waridi moja, kwenye mkono wa kushoto karibu na kiganja, kuna ushanga mmoja wa bluu katikati ya shanga nyekundu.

Sijui kama uliwahi kuambiwa habari za ushanga huo jinsi tunavyozijua sisi. Kwetu mshonaji wa shanga huacha kosa moja katika kila kazi. Moja tu, kwa makusudi, rangi isiyo yake au ushanga uliokaa upande. Anayefanya kitu kisicho na kosa ni Mungu, na mtu hapaswi kumshindania. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo wageni hawaijui: kosa hilo halionyeshwi. Huulizi liko wapi, na ukiliona unanyamaza. Ukimwonyesha mtu, unyenyekevu wako umeshageuka majigambo.

Mama yako alilionyesha. Alikuwa kijana, ni mahojiano yake ya kwanza makubwa, mwandishi akamwuliza kwa nini kuna ushanga wa bluu pale, naye akaeleza kila kitu, kwamba mama yake aliuweka na kwa nini. Alieleza kwa mapenzi. Nimeyasoma mahojiano hayo na hayana neno baya hata moja. Lakini kuanzia hapo dunia ilianza kuutafuta ushanga wa bluu. Wakaandika kwamba ni ziwa letu. Wakaandika kwamba ni chozi la watu wetu. Kampuni ikauweka kwenye kila koti, mahali palepale, kisha kwenye mikoba, kisha kwenye viatu, na mashine za kudarizi hazikosei hata mara moja katika kukosea. Wakauita Nukta ya Odile. Kokum hakusema neno. Alinyamaza juu ya ushanga huo miaka yote hii, na wewe unajua Kokum si mtu wa kunyamaza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili baada ya Shangazi kufika, alikuja Bwana Ransome, mshirika wake wa biashara. Nilikuwa nimemchora kichwani kama mtu mbaya, kwa sababu ya vitabu ninavyosoma. Si mtu mbaya. Ni mzee mwembamba mwenye mafua, aliyevaa viatu vya ofisini, na gari lake lilikwama kwenye mtaro mbele ya kanisa, ikabidi Baba aende kulivuta. Alipoingia, soksi zake zilikuwa zimelowa mpaka vifundoni.

"Vua hivyo," Kokum akamwambia. "Hervé, mpe soksi zako."

"Mama, soksi zangu zina matundu."

"Basi atapata hewa."

Bwana Ransome akaketi mezani kwetu na soksi za Baba, akapewa supu ya vitufe vya nyama, ile ambayo Kokum huipika Mwaka Mpya. Akala bakuli la kwanza lote. Akaongezwa. Shangazi alikuwa ameketi upande wa pili, amevaa sweta langu, nywele hazijachanwa. Nadhani Bwana Ransome alitaka kumwambia kitu kuhusu sura yake, akaona aibu. Alisema tu, "Odile, umepumzika?" Naye akajibu, "Bado."

Kisha akaeleza alichojia. Nukta inaigwa kila mahali. Kuna mikoba ya bandia, kuna makoti ya bandia, na kampuni inataka kuisajili iwe nembo yake kisheria: waridi la shanga nyekundu lenye ushanga mmoja wa bluu. Ikishasajiliwa, mtu yeyote atakayeuza kitu chenye alama hiyo bila kibali atashtakiwa. Akaweka karatasi mezani: kilichobaki ni Shangazi kusaini, na wenye hisa wanamsubiri. Alisema haya yote kwa upole, huku akipenga kamasi.

Baba akaweka kijiko chini. "Mtu yeyote?"

"Kwa lugha ya sheria, ndiyo, mtu yeyote."

"Hata Mama? Anauza ndara zake za ngozi pale dukani kila Krismasi. Zina mawaridi."

Bwana Ransome akageuka kumtazama Kokum, na uso wake ukawa mwekundu. Nadhani hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. "Hapana, hapana. Kwa mama tutafanya utaratibu maalum. Atapewa ruhusa."

"Ruhusa ya nini?" Kokum akauliza.

"Ya kuutumia. Ule ushanga."

Kokum akageukia jiko kuikoroga supu. Akasema, kana kwamba anaiambia supu, "Umesikia, Hervé? Nimezeeka vizuri. Nitapewa ruhusa ya kukosea."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilitaka kucheka lakini nilikuwa namtazama Shangazi, na Shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile karatasi.

Ni lazima nikueleze kilichokuwa juu ya meza ile, maana mimi mwenyewe sikukijua mpaka Baba aliponieleza baadaye. Jina la mama yako si lake. Aliliuza zamani, kampuni ilipokuwa inaanza na yeye alikuwa anahitaji mahali pa kushonea. Odile Delaronde ni mali ya kampuni, kama vile cherehani na viti. Akikataa kusaini wanaweza kumwondoa, nao wataendelea kuuza makoti ya Odile Delaronde, na yeye hataruhusiwa kuandika jina hilo kwenye nguo yoyote atakayoshona mpaka afe. Kwa hiyo alikuwa anachagua kati ya ushanga na jina lake. Akiweka sahihi, anabaki kuwa yule tunayemwona kwenye jokofu la chambo. Asipoweka, hana kitu.

Alisema, "Mama, unataka nifanye nini?"

Sijawahi kumsikia Shangazi akiuliza hivyo. Alikuwa na sauti ya mtoto aliyeletwa nyumbani akiwa na homa.

"Mimi? Nataka ule."

"Mama, tafadhali. Ushanga ni wako. Wewe ndiye uliyeuweka. Ukiniambia nisisaini, sisaini. Ukisema nisaini, nasaini na nalala."

Kokum akazima jiko. Akaja akaketi, polepole kwa sababu ya magoti, akavua miwani na kuifuta kwa aproni. Kisha akasema, "Odile, mwanangu, ule ushanga sikuuweka mimi."

Tulimgeukia wote. Hata Bwana Ransome alishusha kitambaa chake cha pua.

"Unakumbuka ile tufani ya theluji, baada ya maziko ya baba yako?" Kokum akasema. "Umeme ulikatika. Koti lilikuwa halijaisha na mahafali yamekaribia, ukaniambia, Mama nipe mkono mmoja na mimi nikusaidie. Nikakupa mkono wa kushoto. Ukakaa pale dirishani na mwanga ule wa alasiri ambao hauna rangi. Ulikuwa hujalala tangu maziko. Nikakuona unashona huku kichwa kinaanguka. Mara kinaanguka, mara unakiinua. Ukamaliza waridi lako, ukaniletea, ukasema liko tayari, ukalala palepale sakafuni na viatu."

"Sikumbuki," Shangazi akasema.

"Utakumbukaje? Umeme uliporudi nikalitazama. Nikaona bluu. Nikasema, haya, mtoto kakosea rangi gizani. Nikachukua mkasi niutoe." Akavaa tena miwani yake. "Nikaona, aa, hili si kosa la kuigiza. Hili limekuja lenyewe. Nikauacha. Na koti lile sikuweka langu, maana lako lilitosha."

"Kwa nini hukuniambia?" Shangazi alikuwa amesimama. "Mama! Nimesimama New York nimewaeleza watu. Paris nimewaeleza. Nimesema ni wa mama yangu. Miaka yote hii!"

"Kwani uliniuliza? Ulishayaambia magazeti. Na kwetu haulizwi, hauonyeshwi. Ningeanzia wapi? Nipige simu Paris niseme, samahani jamani, alikuwa anasinzia?"

Na hapo, Dada Clarisse, mama yako akacheka. Ilianza kama kikohozi. Akajishikiza kwenye meza, akainama, akacheka mpaka sweta langu likalowa machozi, na baadaye sikuweza kujua tena kama ni kicheko. Kokum alimwacha. Hakumshika wala hakumbembeleza, alimsogezea tu kitambaa cha kufutia vyombo.

Bwana Ransome, masikini, aliona ni wajibu wake kuokoa mambo. Akasema kwamba hii ni habari nzuri hasa kisheria, kwa sababu kama ushanga ni kazi ya Odile mwenyewe basi hakuna mwingine anayeweza kudai, na usajili utakuwa rahisi zaidi.

Kokum akamtazama kwa huruma. "Bwana mkubwa, makosa ya watoto yangekuwa yanasajiliwa, mimi na hawa wawili tungekuwa matajiri zamani. Huyu Hervé peke yake angenijengea ghorofa."

"Mama!" Baba akasema.

"Nimedanganya?"

Shangazi akajifuta uso. Akaisogeza karatasi kwa Bwana Ransome, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani. Akasema, "Walter, jina kaeni nalo, mnalo tayari. Hii siwezi. Nitasainije kitu nilichokifanya nikiwa nasinzia?"

"Odile, fikiria. Watakuondoa."

"Najua."

"Utashona nini? Kwa jina gani?"

"Sijui. Nimechoka, Walter. Wewe hujachoka?"

Alifikiri kidogo. Nilimpenda kwa kufikiri kwake. Kisha akasema, "Sana," akauliza kama angeweza kupata supu kidogo ya kubeba. Kokum akamjazia chupa. Aliondoka na soksi za Baba miguuni, na Baba hadi leo anamlalamikia Kokum kuhusu soksi hizo.

Ningependa kukuambia kwamba tangu hapo nyumba imejaa furaha, kama ingekuwa hadithi. Haijajaa. Barua ya kampuni ilikuja wiki jana, ya heshima sana, na Shangazi aliisoma akasimama nayo karibu na jiko muda mrefu. Anawawazia akina mama wanaoshona Toronto, ambao wengine amekuwa nao tangu mwanzo, na hajui kampuni itawafanyia nini. Asubuhi nyingine hatoki chumbani. Simu inalia, nami ndiye ninayeipokea kwa kuwa sauti yangu ni ndogo na waandishi hukata tamaa haraka. Nasema, "Hapana, hayupo," na kila ninaposema hivyo najiona nimedanganya na kusema kweli kwa pamoja.

Dukani kwa Ducharme wanasema maneno. Juzi nilikuwa nanunua unga, nikamsikia mmoja akisema, "Alivisha wake wa mawaziri, sasa anatubadilishia zipu." Ni kweli. Yalianza na koti la Baba la ziwani, Shangazi akalibadilisha zipu bila kuombwa. Jirani akaliona, akaleta lake. Sasa kijiji kizima kimegundua kwamba kina zipu mbovu. Zimerundikwa pale barazani kama samaki, na yeye anazitengeneza moja moja, na nadhani zinamsaidia kuliko dawa. Nilitaka kumjibu yule mtu dukani, lakini unanijua, nililipia unga nikatoka. Jibu zuri lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Shuleni nako kumekuwa na shida. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandikisha kibao, Chumba cha Ushonaji cha Odile Delaronde, na sherehe ilikuwa iwe baada ya Pasaka. Habari zilipomfikia alikuja nyumbani, amejawa na wasiwasi, akauliza kama jina linaruhusiwa au shule itashtakiwa, na kama Shangazi atakwazika wakikipaka kibao rangi. Kokum akamwambia, "Andikeni Chumba cha Kushonea. Watu wakiingia wataona cherehani." Kibao kimepakwa rangi. Wanafunzi wanakiita Chumba cha Yule, na kila mtu anajua ni nani.

Nimefika sasa kwenye sababu iliyonifanya nishike kalamu.

Siku ya Jumatano ya Majivu, tuliporudi kanisani na majivu yetu kwenye paji la uso, Shangazi aliketi kando ya Kokum dirishani akaomba sindano ya shanga. Hakuwa ameishika miaka mingi. Huko alikuwa anachora, wengine wanashona. Ushanga wa kwanza ulimponyoka ukaviringika chini ya jiko. Kokum hakumhurumia.

"Tazama mkono huo. Kama wa bibi harusi siku ya kwanza jikoni."

"Niache, Mama."

"Hapo umekosea. Na hapo. Na hapo. Odile, ni moja tu inayotakiwa! Ukizidisha hivyo Mungu atadhani unamtania."

Alikuwa anashona glovu, za ngozi ya kulungu iliyokaushwa kwa moshi, ile inayonukia nyumba nzima. Akafumua, akashona, akafumua. Jioni aliniita. Akaniambia ninyooshe mkono, akauweka juu ya ngozi, akazungushia chaki. Nikadhani ni zangu na moyo ukafurahi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Philomène, mkono wa Clarisse uko kama huu? Au ni mkubwa kidogo?"

Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui.

Dada Clarisse, amewapima watu wote wale. Ana vipimo vya waimbaji kichwani mpaka leo, anaweza kukutajia upana wa bega la mtu aliyemvisha zamani. Alishika chaki, akachora mstari mwingine nje kidogo ya mkono wangu, akaufuta, akauchora tena. Nikamletea chai.

Hakuniomba nikuandikie. Aliniomba tu nizipeleke posta, na nilipomwuliza kama ataweka barua ndani alisema hajui kuandika barua, anajua kuandika maelezo ya mafundi. Alijaribu. Niliona karatasi ina neno "Clarisse" na koma, basi. Kwa hiyo natumia nafasi ya karatasi hiyo. Sijui yaliyo kati yenu, na si kazi yangu kuyajua. Nakumbuka kiangazi kile uliniambia kwamba ukitaka kumwona mama yako unanunua gazeti. Nilitaka tu ujue kwamba sasa hayuko kwenye gazeti. Yuko kwenye kitanda changu, na mimi nashindwa kulala kwenye kochi hili.

Glovu ziko ndani ya kifurushi hiki. Hazina lebo, kwa sababu hana jina la kuweka. Zina waridi moja kila mkono, na hutaona bluu. Ushanga uliokosewa upo, nilimwona akiushona huku Kokum akijifanya anatazama theluji. Ukiuona, usimwambie mtu, hata mimi.

Wote wanakusalimu. Baba anakusalimu na anauliza kama huko kwenu wanauza soksi nene. Kokum anakubusu kwenye mashavu yote mawili na anasema uvae kofia, ng'ombe hawatakucheka. Nisalimie rafiki yako wa chumbani, na yule farasi mgonjwa uliyemtaja. Mungu akuvushe salama katika baridi iliyobaki, akupe mkono usiotetemeka mbele ya wanyama wako, na usingizi ambao sisi hapa tunautafuta.

Jambo la mwisho kuhusu glovu. Shangazi anaogopa kwamba hazitakukaa. Mimi pia naona mkono wa kulia umebana. Zikikubana au zikikupwaya, tafadhali usizirudishe kwa posta. Zilete mwenyewe, akupime.

Mimi mdogo wako, nikupendaye bila kelele,

Philomène